Katolewa majini usiku, mbona hamumpeleki thieta?

Kusi ikishika, sisi wa kitengo cha usingizi, yaani nusu kaputi ya oparesheni, huku Lamu tunajua tutaletewa mtu aliyekaa majini, mashua imepinduka kwenye mlango wa bahari wa Mkanda au nje ya Kizingitini, mguu umevunjika, na jamaa zake wako mlangoni wanauliza mbona hamumfanyii oparesheni saa hii, mnangoja nini? Tunangoja joto.

Watu husema bahari yetu ya moto bwana, baridi ya kuua iko Ulaya. Si kweli. Maji ya nyuzi 25 ni matamu kuogelea lakini mwili ni 37, na maji hunyonya joto kama mara 25 kushinda hewa, kwa hivyo ukishikilia ubao usiku kucha utashuka chini ya 35 na hapo ushaingia hatarini. Thamomita ya kioo huanzia hiyo 35, utaona zebaki imelala chini udhani imeharibika.

Sasa dawa. Mwili ukiwa baridi ini linazubaa, dawa haitoki. Ile ya kulegeza misuli, vecuronium, joto likishuka nyuzi 2 tu hukaa karibu mara mbili ya muda wake, yaani oparesheni ishaisha na mgonjwa bado hawezi kuvuta pumzi mwenyewe! Nusu kaputi nayo inafungua mishipa, joto la ndani linakimbilia ngozini, saa ya kwanza tu anapoteza nyuzi 1 au zaidi, na damu ya baridi haigandi vizuri. Sindano ya ganzi ya mgongoni je? Inashusha presha na kuzima kutetemeka, na kutetemeka ndiko kunakompa joto. Kama havuji damu sana tunampasha kwanza, blanketi la hewa moto, dripu iliyopashwa.

Chini ya nyuzi 28 mapigo ya moyo huvurugika kwa mtikisiko mdogo tu. Kwa hivyo mtoeni majini akiwa amelala, msimsimamishe, msimsugue. Na mama zetu, najua mnapenda kukanda kwa maji moto, huyu msimkande mikono na miguu, presha itaanguka. Vueni nguo mbichi, mfunikeni mpaka kichwa, uso muuache wazi.

Akionekana kama maiti msikate tamaa, Norway mwaka 1999 Anna Bågenholm, mwanamke aliyenasa chini ya barafu, alifika nyuzi 13.7 na akapona.

Chai ya tangawizi mpeni tu kama yuko macho na hana jeraha litakalohitaji kupasuliwa, manake tumbo likijaa anaweza kutapika usingizini ikaingia mapafuni. Kama mshampa, semeni saa ngapi, hatugombi.