Je, wajua kwa nini laptop huwa bubu baada ya apdeti?

Usiku umeiacha laptop ijipakie apdeti ya Windows. Asubuhi unafungua wimbo, kimya. Wengi huibeba moja kwa moja hadi kwa fundi pale Stendi Ndogo, Arusha, wakiwa wameshaamua kwamba spika zimekufa. Mara nyingi spika ni nzima kabisa.

Ndani ya kompyuta sauti ni namba tupu. Anayezigeuza kuwa mlio ni chipu ya sauti, na chipu hiyo huamrishwa na programu iitwayo draiva. Laptop nyingi hutumia chipu za Realtek, kampuni ya Taiwan. Apdeti inaweza kuiweka kando draiva ya Realtek na kuleta ya jumla ya Microsoft, ambayo hukubaliana na chipu nyingi lakini haijui mashine yako ilivyoungwa.

Kuna chanzo kingine, na hiki watu wa kwaya wanaotumia projekta kanisani watakielewa upesi. Waya wa HDMI hubeba picha na sauti pamoja. Draiva ya picha ikibadilishwa, Windows inaweza kuichagua HDMI kuwa njia kuu ya sauti, spika zikabaki bila kazi.

Utajuaje ni kipi? Cheza wimbo, kisha tazama kipimo cha sauti kwenye mipangilio. Kikipanda na kushuka, sauti ipo ila imepita mlango usio wake: bofya alama ya spika, chagua Speakers. Alama ikiwa na msalaba mwekundu, mshuku draiva.

Kabla ya yote, bonyeza Restart, si Shut down. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Shut down kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili mashine iwake haraka, draiva zikiwemo, kwa hiyo hitilafu inaweza kurudi nayo. Isiposaidia, ingia Device Manager, orodha ya vifaa vya kompyuta ndani ya Windows, fungua sifa za kifaa cha sauti, ubonyeze Roll Back Driver ili draiva ya awali irudi. Apdeti kubwa, ile inayobadilisha toleo zima, huweza kurudishwa nyuma ndani ya siku 10.

Ukitaka uhakika, washa laptop kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine badala ya Windows, bila kuisakinisha. Ikilia huko, mwambie fundi asiguse skrubu hata moja.