Tovuti ya Majaribio Si Kaunta: Namna ya Kutoa Maoni Tunayoweza Kuyafanyia Kazi

Tangu taasisi yetu ifungue tovuti ya majaribio ya maombi ya vibali, tumepokea malalamiko ambayo yamenilazimu kuandika maelezo haya. Wiki iliyopita mwananchi mmoja alifika kwenye kaunta yetu hapa katikati ya jiji la Nairobi akiwa na karatasi aliyochapishiwa saiba, yenye neno MAJARIBIO lililoikata mshazari kwa wino wa kijivu, akidai kibali chake. Hatukuwa na kibali cha kumpa, kwa kuwa hakuwa ameomba chochote. Alichojaza ni fomu ya kuupima mfumo, na ilani ya jambo hilo iko juu ya kila ukurasa, kwa herufi ambazo sikudhani mtu angezikosa. Mwenzangu wa kaunta alinionyesha baadaye kwamba kwenye simu ndogo ilani hiyo ilikatika baada ya neno la tatu. Hilo lilikuwa kosa letu, na tumelirekebisha.

Wanaouliza kwa nini tunaonyesha kitu ambacho hakijakamilika wakumbuke yaliyoipata Marekani tarehe 1 Oktoba 2013, ilipozindua HealthCare.gov, tovuti ya bima ya afya, bila kuipima ipasavyo kutoka mwanzo hadi mwisho: siku ya kwanza ni watu sita tu waliofaulu kukamilisha kujiandikisha. Uingereza, kwa upande wake, ilitoa toleo la kwanza la majaribio la GOV.UK, tovuti kuu ya serikali yake, Mei 2011, ikatoa la pili Januari 2012, na ndipo Oktoba mwaka huo ikaziondoa tovuti mbili kuu za zamani.

Kwetu, mafundi walikuwa wameijaza fomu mara nyingi kwa majina ya kubuni, na kila mara ilipita. Siku ya pili ya majaribio mtumiaji mmoja, ambaye jina lake lina ng' ndani yake, aliambiwa na mfumo kwamba jina lake si sahihi, kwa sababu mfumo uliichukulia ritifaa, yaani ile alama ya ('), kuwa alama isiyoruhusiwa. Hebu fikiria tovuti ya umma jijini Nairobi inayowakataa akina Ng'ang'a na akina Nyong'o wote! Mtumiaji huyo hakutukana wala hakutusifu. Alituandikia aina ya simu yake, herufi alizoziandika na ujumbe aliouona, akaambatisha picha ya skrini, na hitilafu hiyo ikaondolewa siku hiyo hiyo. Maoni yanayosema "tovuti ni mbovu" au "hongera, kazi safi" tunayasoma pia, lakini fundi hana pa kuanzia.

Kila ripoti hupewa nambari ya kumbukumbu, ambayo mtumaji anapaswa kuihifadhi. Afisa wa zamu hujaribu kuirudia hitilafu kwenye simu na kwenye kompyuta. Akiiona, huipanga katika daraja mojawapo kati ya matatu: inayomzuia mtu kuendelea, inayompotosha, na inayomsumbua tu. Asipoiona, humwandikia mtumaji kuomba maelezo zaidi, na hapo ndipo ripoti nyingi hukwama, kwa kuwa watu hawajibu. Kuituma ripoti ile ile mara tano hakuiharakishi. Hutuongezea mafaili manne ya kufunga.

Tumieni majina na nambari za kitambulisho za kubuni, hata kama jina lenu halisi ndilo lenye ritifaa. Mnaporipoti hitilafu ya jina, sehemu yake tu yenye tatizo inatosha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatubana hata katika majaribio: data ya watu ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, tunatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na faini ya kiutawala yaweza kufikia shilingi milioni 5. Aidha, kupima tovuti si kupimana nguvu na kufuli zake. Anayeingia katika mfumo bila idhini anakabiliwa, chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, na faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Anayetengeneza tovuti bandia ili kuwalaghai watu watoe taarifa zao binafsi anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi 300,000, kifungo kama hicho, au vyote viwili.

Tovuti ya majaribio haina sehemu ya malipo. Mtu akikuambia utume pesa kwa simu ili fomu yako "isukumwe mbele", hakuna foleni ya kuisukumia. Muda wa majaribio ukiisha, fomu zote zilizojazwa na akaunti zote zilizofunguliwa zitafutwa, na hazitahamishiwa kwenye tovuti itakayozinduliwa. Anayehitaji kibali kwa sasa aje kwenye kaunta na kitambulisho chake halisi, kama ilivyokuwa siku zote.