Mahojiano ya uraia wa Marekani: Mzanzibari ajiandae vipi

Sehemu kubwa ya wanafunzi wangu wa Kiingereza wako Marekani. Wametoka Mjini, Wete, Micheweni, Makunduchi, na tunasoma kwa simu, kwao mchana na hapa Unguja usiku. Wanaponitafuta, karibu wote wameshapakua orodha ya maswali ya historia na serikali ya Marekani na wanaihifadhi kama tulivyohifadhi juzuu chuoni. Wahifadhi, ni lazima. Lakini hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Mtihani mzito wa lugha umo ndani ya fomu ambayo mtu ameijaza mwenyewe, mara nyingi kwa kusaidiwa na mwanawe au jirani, na hajawahi kuisoma kwa sauti hata mara moja.

Fomu hiyo ni N-400. Anayeomba awe na miaka 18 au zaidi, na awe amekaa na grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, miaka 5, au miaka 3 akiwa ni mume au mke wa raia wa Marekani na wanaishi pamoja. Inaruhusiwa kuipeleka siku 90 kabla ya muda huo kutimia. Ada ni dola 710 kwa njia ya mtandao na dola 760 kwa karatasi. Katika ile miaka 5, siku ulizokuwemo ndani ya Marekani ziwe zimefika miezi 30. Kwa wa miaka 3, miezi 18. Safari za nyumbani ndizo zinazotutia matatani. Mtu anakuja kufunga Ramadhani, anabaki hadi Mfunguo Tatu, mama anaugua, anaahirisha tiketi, na miezi sita inapita. Safari iliyozidi miezi 6 inampa afisa sababu ya kuona umekatisha ukaazi wako, na ni juu yako kuonyesha kwamba nyumba, kazi na kodi zako zilibaki kule. Iliyofika mwaka mmoja, kwa kawaida inaukatisha kabisa.

Na kabla ya kulipa hiyo ada, kaa na watu wako mzungumze. Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Ukila kiapo cha Marekani, uraia wa Tanzania unakwisha, na Uzanzibari unakwenda nao, kwa sababu Sheria ya Mzanzibari ya 1985 inataka mtu awe raia wa Tanzania kwanza. Wapo wanaolijua hili siku wanapofika Kisauni na pasi mpya mkononi na kuambiwa walipie viza. Si habari ya kuipatia uwanja wa ndege.

Sasa mahojiano. Afisa anakuita ukumbini, na Kiingereza chako kinaanza kupimwa hapo hapo, mnapotembea kuelekea chumbani na anakuuliza umefikaje au hali ya hewa ikoje. Ndani atakusimamisha, unyanyue mkono wa kulia, uape kusema kweli. Kisha anafungua fomu yako na kuuliza kutoka humo: jina, anwani, kazi, safari, ndoa, watoto, halafu msururu mrefu wa maswali yanayoanza na "Have you ever", yaani umewahi. Majibu yako kwa maswali haya ndiyo mtihani wa kuzungumza. Hakuna mwengine wa kuzungumza uliotengwa pembeni.

Hapa ipo hatari moja ambayo naiona kwa Waswahili kuliko kwa watu wengine, na naomba uisome taratibu. Sisi tukiulizwa "Hujawahi kukamatwa?" tunajibu "Ndiyo", tukimaanisha kweli, sijawahi. Kwa Kiingereza jibu hilo linageuka. Afisa akisema "You have never been arrested?" nawe ukajibu "Yes", anaweza kuelewa kwamba umekamatwa, au akabaki na shaka, na sasa ana jibu ulilolitoa chini ya kiapo linalopingana na fomu. Dawa yake ni kutojibu kwa neno moja. Sema sentensi nzima: "No, I have never been arrested." Sentensi nzima haiwezi kueleweka vibaya hata kama "yes" na "no" zimekuchanganya. Mazoezi yake ni haya: mtu akuulize swali moja kwa namna mbili, ya kukubali na ya kukanusha, na wewe urudishe sentensi ile ile moja. Fanya kila siku robo saa mpaka ulimi uzoee.

Jambo la pili linatokana na adabu zetu. Tumelelewa kumkubalia mkubwa, tusimrudishe na maneno. Mbele ya afisa, "yes" ya heshima kwa swali usilolielewa inaweza kuharibu ombi zima. Akiuliza kama umewahi kudai kuwa raia wa Marekani au kujiandikisha kupiga kura kule, na wewe ukatabasamu na kuitikia, umekiri kosa kubwa. Kuomba kurudiliwa hakupunguzi alama. Jifunze sentensi mbili tu: "Could you repeat that, please?" na "I don't understand that word." Afisa anaruhusiwa kuliuliza swali kwa maneno mengine. Ila ukizitumia kwa kila swali, ataona Kiingereza hakipo, kwa hivyo maneno magumu ya fomu yajue mapema: claim, register, arrested, detained, deported, persecute, overdue taxes, allegiance, oath. Maafisa wengi hukuuliza maana ya neno baada ya wewe kujibu. Hawataki kamusi. "An oath is a serious promise" inatosha. "Arrested means the police take you" inatosha. Nawaandikisha wanafunzi daftari la maneno kama arubaini hivi, kila moja na maelezo yake mafupi ya Kiingereza chepesi, na Kiswahili tunakiacha nje ya daftari hilo.

Kuna maswali ambayo kwa Mzanzibari yanahitaji kufikiriwa hata kabla ya Kiingereza. Fomu inauliza kama umewahi kupata mafunzo ya silaha au ya kijeshi, na kama umewahi kuwa katika jeshi, polisi au kikosi. Aliyepitia JKU au JKT, aliyekuwa KMKM, Valantia au Zimamoto, asiandike "hapana" eti kwa sababu alikwenda kulima, kucheza mpira au kutafuta ajira. JKU ni Jeshi la Kujenga Uchumi, jina lenyewe linasema. Andika ndiyo pale swali linapokugusa, kisha uwe na maelezo mafupi: mwaka gani, kambi gani, ulifanya nini, uliondoka lini. Jibu la ndiyo lenye maelezo halimtishi afisa; linalomtisha ni la hapana ambalo baadaye linapatikana si kweli. Vyama vya siasa ni hivyo hivyo. Kadi ya CCM, CUF au ACT-Wazalendo itaje ukiulizwa uanachama wa chama.

Ndoa nazo. Swali la kuoa zaidi ya mke mmoja kwa wakati mmoja limo ndani ya fomu, na kwetu ni jambo la halali na la kawaida. Kwa sheria ya Marekani, kuwa na wake wawili ndani ya kile kipindi cha miaka 5 kunazuia uraia. Mwenye hali hiyo, au aliyekuwa nayo, aende kwa wakili wa uhamiaji kabla ya kutuma fomu. Mwalimu wa lugha hana la kumsaidia na asijaribu. Talaka pia inataka karatasi. Talaka ya mdomo ambayo watu wote mtaani wanaijua haina uzito mezani mwa afisa, na barua ya sheha peke yake usiitegemee. Tafuta cheti cha talaka kutoka Mahkama ya Kadhi, kifasiriwe chote kwa Kiingereza, na mfasiri aandike chini kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anazijua lugha zote mbili, atie saini. Anza mapema, maana nyaraka za Pemba za miaka ya nyuma huchukua muda kuzipata na mara nyingine jina la ndani halifanani na la pasi.

Majina yenyewe ni somo. Juma Ali Hamad kule anaitwa bwana Hamad. Mwanawe ni Said Juma Ali, kwa hivyo mtoto anakuwa bwana Ali. Afisa anaona baba na mtoto wana majina tofauti ya ukoo na anauliza kwa nini. Andaa jibu: "In Zanzibar, a child takes the father's name and the grandfather's name." Na kwenye jamaa, kuwa mkali na nafsi yako. Mtoto wa dada uliyemlea tangu mchanga ni mwanao nyumbani, lakini kwenye swali la watoto hesabu ni ya walio chini ya miaka 18: uliowazaa, uliowaasili kisheria, na watoto wa mkeo au mumeo. Waliozaliwa nje ya ndoa wamo, walioko Zanzibar wamo. Idadi utakayoitaja ifanane na ya fomu, na isipingane na karatasi za grini kadi ulizojaza miaka iliyopita, maana afisa anazo. Tahadhari pia na "he" na "she". Lugha yetu ina "yeye" moja, na mtu anayesema "my wife, he works" anaeleweka, lakini akitaja watoto wanne kwa mchanganyiko huo afisa anapotea na maswali yanaongezeka bure.

Tarehe za Marekani huanza na mwezi. 03/07/2021 ni tarehe 7 Machi, wala si 3 Julai, na ukikosea hapo safari zako zote zinaonekana za uongo zikilinganishwa na mihuri ya pasi. Zitaje kwa jina la mwezi. Saa ya miadi ikiandikwa 8:30 asubuhi ni saa mbili na nusu yetu. Hili mtu analijua vizuri mpaka siku anapokuwa na wasiwasi.

Kusoma na kuandika ni kufupi. Unapewa sentensi hadi tatu za kusoma kwa sauti na unatakiwa upatie moja. Kisha afisa anakusomea hadi tatu, uandike moja kwa usahihi. Idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, imetoa orodha ya maneno ya kusomea na orodha ya maneno ya kuandikia, na sentensi zinatungwa kutokana na hayo: "Citizens can vote." "We pay taxes." "The President lives in the White House." Lafudhi yetu haina tatizo. Linaloangusha kwenye kusoma ni kuruka neno, kuweka neno jengine, au kusimama muda mrefu katikati. Kwenye kuandika, aliyesoma skuli kwa Kiswahili mkono wake unakwenda wenyewe kwenye Februari, Oktoba, Kanada, Meksiko, Kongresi. Haya ndiyo ya kuyafanyia imla, kila moja mara nyingi: February, October, Canada, Mexico, Congress. Kosa dogo la herufi linasamehewa kama maana haikubadilika. Kufupisha neno hakusamehewi. Mtu mwengine akusomee, kwa mwendo wa kawaida, na usijinakilie kutoka kwenye karatasi, kwa sababu kunakili hakupimi sikio.

Maswali ya historia na serikali huulizwa kwa mdomo. Walioomba kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wana orodha ya maswali 128, wanaulizwa hadi 20 na lazima wapatie 12. Wakikosa 9 afisa anasimamisha. Walioomba kabla ya hapo wana orodha ya 100, wanaulizwa hadi 10, wapatie 6. Angalia tarehe ya risiti yako kabla hujaanza kusoma, maana orodha zote mbili zimezagaa WhatsApp bila maelezo. Majibu ya gavana, maseneta na mji mkuu wa jimbo yanategemea unapoishi, na ya rais au spika yanabadilika, kwa hiyo yahakiki wiki ya mahojiano.

Wazee wana nafuu ambayo familia nyingi hawaijui. Aliyefika miaka 50 na amekaa na grini kadi miaka 20, au miaka 55 na amekaa 15, hafanyi mtihani wa Kiingereza kabisa. Anakwenda na mkalimani na anajibu maswali ya uraia kwa Kiswahili. Aliyefika 65 na amekaa miaka 20 anasoma maswali 20 tu, anaulizwa 10, anapatia 6. Nimewahi kuombwa nimfundishe bibi wa miaka 70 kuandika Kiingereza wakati sheria haimtaki aandike hata neno. Mkimfundisha, mfundisheni majibu kwa Kiswahili fasaha, na mkalimani ajue msamiati huo: bunge, katiba, mahkama kuu, marekebisho. Mwenye maradhi yanayomzuia kujifunza, kama kusahau kwa uzee, kuna fomu N-648 inayojazwa na daktari mwenye leseni ya Marekani.

Ukikosa sehemu moja, unaitwa tena kati ya siku 60 na 90, na unarudia ile uliyoikosa tu. Ukikosa tena, ombi linakataliwa, na ukitaka kuomba upya ni fomu mpya na ada mpya. Ukipasi, unapewa karatasi ya matokeo, halafu barua ya siku ya kiapo. Nyuma ya barua hiyo kuna maswali yahusuyo siku zilizopita tangu mahojiano: umesafiri, umeoa au kuolewa, umekamatwa? Yajibu siku ile ile ya kiapo, wala si wiki moja kabla, na kama ulikuja Zanzibar katikati hapo kwa msiba au harusi, andika tarehe za kuondoka na kurudi.