Je, wajua? Repo mbili za Git zisizojuana zinaweza kuunganishwa

Git ni programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, na repo ni mradi pamoja na historia yake. Kwa muda mrefu niliamini kila repo ya Git imezungushiwa ukuta: ukitaka tawi (mkondo mmoja wa mabadiliko) la mradi mwingine, unanakili mafaili kwa mkono na kuiaga historia yake. Nikafanya hivyo kweli. Baadaye nilipotaka marekebisho mapya kutoka kule, Git ikaiona miradi miwili isiyojuana kabisa, ingawa mafaili yalikuwa yaleyale.

Ukuta haupo. Nakala ya mradi iliyo kwenye kompyuta ya mwenzako ni repo kamili, si yako, na kila siku mnaunganisha. Git huangalia komiti, yaani hatua za mradi zilizohifadhiwa, na kila komiti, isipokuwa ya mwanzo, inamtaja mzazi wake, yaani komiti iliyoitangulia. Ukishatumia `git remote add` (kuitambulisha repo ya kule) na `git fetch` (kuzileta komiti zake), komiti za kule huhifadhiwa pamoja na zako, na kuanzia hapo unashughulika na matawi tu.

Shida ni bibi.

Tuseme wewe na dada yako mlinakili pilau ya bibi yenu, kila mtu kwenye daftari lake. Leo lako lina iliki, lake halina. Wewe uliongeza, au yeye alifuta? Linganisheni madaftari hayo mawili usiku kucha, hamtajua. Fungueni la bibi: kama iliki haimo, wewe ndiye uliyeongeza, basi inabaki. Kama imo, dada ameifuta, basi inaondoka. Git nayo humtafuta bibi, yaani komiti ya karibuni ambayo matawi yote mawili yametokana nayo. Mkigusa mstari uleule kwa namna tofauti, hapo ndipo inapowarudishia ugomvi muuamue wenyewe.

Repo zisizo na undugu hazina bibi, kwa hiyo Git hushika daftari tupu. Kila kitu kinaonekana kimeongezwa. Faili lililo upande mmoja tu hupita; mafaili yenye jina moja na maandishi yaleyale hupita pia. README (faili la maelezo ya mradi) mbili tofauti zitagombana, karibu bila shaka, ndiyo maana ni busara kuuhamishia mradi mmoja kwenye folda yake kwanza.

Tangu toleo la 2.9, la 2016, Git hugoma kuunganisha repo zisizo na undugu mpaka uongeze `--allow-unrelated-histories` kwenye `git merge`. Nilisoma mgomo huo kama “haiwezekani”, kumbe ni “una hakika?” tu. Zamani ilikubali bila kuuliza: Juni 2005, Git ikiwa na miezi michache tu, Linus Torvalds, aliyeiunda, aliiingiza ndani yake gitk ya Paul Mackerras, programu ya kuonyesha historia kwa michoro, historia yake ikiwemo. Hata Btrfs, mfumo wa kuhifadhi mafaili kwenye diski, iliingia Linux mwaka 2009 na ukoo wake. Andika `git log --max-parents=0` ndani ya repo ya Git yenyewe, utaona komiti kadhaa zisizo na mzazi, kila moja ikiwa mwanzo wa mradi uliowahi kujitegemea.