RTU ni nini? Kifaa kinachosimamia vituo visivyo na mtu

Pampu inayosukuma maji hadi kwenye tangi la mlimani, kituo cha kupoza umeme, vali ya bomba la mafuta katikati ya pori, mnara wa simu kileleni: mitambo ya namna hii hufanya kazi usiku na mchana, na mara nyingi hakuna mtu ndani ya uzio. Anayeisimamia amekaa kwenye chumba cha udhibiti, pengine kilomita mia kadhaa kutoka hapo. Kinachomfikisha kituoni bila kusafiri ni kifaa kilichofungwa kwenye kabati la chuma, ambacho mafundi hukiita RTU, kifupi cha maneno ya Kiingereza Remote Terminal Unit.

RTU husoma hali ya mitambo, huipeleka kwenye chumba cha udhibiti, na hutekeleza amri zinazotoka huko. Ni sehemu ya mfumo mpana wa kusimamia mitambo kutoka mbali, uitwao SCADA, wenye pia seva, skrini za waendeshaji na njia za mawasiliano. Seva zikizimika, RTU huendelea kusoma na kuhifadhi. RTU ikizimika, seva hazina cha kusoma, hata ziwe za kisasa kiasi gani.

Maelezo mengi kuhusu kifaa hiki huishia hapo. Lakini ugumu wa kazi yake uko kwingine. Kituo kinaweza kunyamaza kwa sababu mambo ni shwari, na kinaweza kunyamaza kwa sababu waya umekatika. Mtu aliye mbali huona kitu kilekile katika hali zote mbili: skrini tulivu. Karibu kila kitu chenye maana ndani ya RTU kimebuniwa ili mtu huyo asidanganyike.

Ndani ya kabati

Ukifungua kabati utakuta reli ya chuma yenye upana wa milimita 35, na juu yake moduli zimepachikwa kwa mstari: ya umeme, ya kichakataji, ya mawasiliano, kisha moduli za kupokea na kutoa ishara. Chini au pembeni kuna betri, maana kifaa kinachozimika pamoja na umeme wa kituo hakiwezi kumwambia mtu kwamba umeme umekatika. Nyaya nyembamba zenye namba hutoka kwenye moduli hadi kwenye vihisi na swichi za mitambo.

Ishara zinazoingia ni za aina mbili. Kuna za ndiyo au hapana: mlango umefunguliwa, jenereta imewaka, moshi umeonekana, umeme wa gridi umekatika. Hizi huja kupitia kontakti, yaani swichi ndogo inayofunga au kuachia saketi. Fundi makini huchagua kontakti inayobaki imefungwa wakati wote wa usalama na kuachia hatari inapotokea. Kwa mpangilio huo mkondo mdogo wa umeme hupita muda wote, na mwizi akikata waya wa mlango, mkondo hukatika na alamu hulia kama vile mlango umefunguliwa. Ukipanga kinyume chake, waya uliokatika utafanana kabisa na mlango uliofungwa, na hakuna atakayejua mpaka siku fundi atakapofika kwa shughuli nyingine.

Kisha kuna vipimo: kina cha maji, shinikizo, joto, volti. Hapa ndipo penye ubunifu ninaoupenda kuliko mwingine wowote katika fani hii. Kihisi huwakilisha kipimo kwa mkondo wa umeme wa kati ya miliampea 4 na 20. Chukua tangi lenye kina cha mita 5. Likiwa tupu, kihisi hutoa miliampea 4. Likijaa hutoa 20, na likifika nusu hutoa 12. Miliampea 8 ni robo ya tangi, yaani mita 1.25. Kwa nini wasianzie sifuri? Kwa sababu sifuri imetengewa jibu jingine: kihisi hakipatikani. Tangi tupu husoma 4, waya uliokatika husoma 0. RTU iliyopangwa vizuri ikiona mkondo umeshuka chini sana ya 4, haitangazi kwamba maji yamekwisha, hutangaza kwamba kipimo hicho hakiaminiki. Bila tofauti hiyo, pampu ingeweza kuwashwa kujaza tangi lililojaa tayari, na maji yakafurika usiku kucha. Tena mkondo haupotei njiani jinsi volti inavyopungua kwenye waya mrefu, ndiyo maana kihisi kinaweza kukaa mamia ya mita kutoka kwenye kabati na bado kikasomeka sawasawa.

Kwenye vituo vya umeme wazo hilohilo hutumika kwa swichi kubwa za kukata umeme. Swichi moja huchunguzwa na kontakti mbili, moja ya kusema “imeunganisha” na nyingine ya kusema “imekata”. Moja ikisema na nyingine ikanyamaza, hali inajulikana. Zote mbili zikinyamaza, swichi iko katikati ya safari yake, imekwama, au waya una hitilafu. Zote zikisema kwa pamoja, kuna kosa katika nyaya. Mwendeshaji hupata majibu manne badala ya mawili, na mawili kati ya hayo humwonya asiguse kitu kwanza.

Habari inavyosafiri

Njia ni nyingi: nyaya za nuru, redio, mtandao wa simu, setilaiti. Vituo muhimu huwa na njia mbili, moja ikifa nyingine inachukua. Jambo zito zaidi ni itifaki, yaani utaratibu wa mazungumzo baina ya RTU na seva. Modbus, iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979, ni nyepesi na iko karibu kila mahali, lakini hupeleka namba tupu. Haisemi namba hiyo ilisomwa saa ngapi, wala kama kihisi kilikuwa kizima. Itifaki zilizokuja baadaye, kama DNP3 na IEC 60870-5-104, zinaweza kuambatanisha kila kipimo na muda wake pamoja na alama ya ubora: kinaaminika, kimepitwa na wakati, au kifaa kilikuwa kimetoka tu kuwaka upya.

Ili kuokoa mawasiliano, RTU nyingi hupangwa zitume habari pale tu kitu kinapobadilika. Kina cha maji kikisogea sentimita moja hukaa kimya, kikisogea kumi hutuma. Ni utaratibu mzuri, ila hurudisha lile tatizo la ukimya. Kwa hiyo seva lazima iiulize RTU kila baada ya muda fulani ieleze hali yake yote upya, na isipojibiwa baada ya majaribio machache, kituo kizima kibadilike rangi kwenye skrini.

Muda nao si jambo la mapambo. RTU za vituo vya umeme huandika kila tukio kwa usahihi wa milisekunde, saa zake zikipangwa kwa ishara za setilaiti za GPS. Tarehe 14 Agosti 2003 umeme ulizimika kaskazini-mashariki mwa Marekani na jimbo la Ontario nchini Kanada, na watu wapatao milioni 50 wakaathirika. Wachunguzi walikuta kumbukumbu nyingi ambazo saa zake hazikulingana, wakalazimika kufanya kazi kubwa ya kupanga kipi kilitangulia kipi. Baadaye walipendekeza vifaa vya kurekodi vyote vifuate saa moja. Katika mkasa huohuo, mfumo wa alamu wa kampuni moja ya umeme huko Ohio uliacha kufanya kazi saa nane na dakika 14 mchana, na waendeshaji hawakutambua. Njia kuu za umeme ziligusa miti na kujikata moja baada ya nyingine, huku wao wakiamini kwamba kutolia kwa alamu ni dalili njema. Hitilafu hiyo ilikuwa kwenye kompyuta za chumba cha udhibiti, haikutokana na RTU. Lakini ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote wa kile ambacho mfumo mzima unapaswa kukizuia.

Amri

Kusoma vibaya huleta hasara, ila kuamuru vibaya kunaweza kuua. Ndiyo sababu amri nzito haitekelezwi kwa mguso mmoja. Seva kwanza huchagua swichi inayotakiwa, RTU hurudisha jibu kwamba imeelewa ni ipi, kisha amri yenyewe hutumwa ndani ya muda mfupi. Muda ukipita, uchaguzi hufutika. Baada ya relei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, kusukuma swichi hiyo, RTU husubiri zile kontakti mbili zithibitishe kwamba swichi imegeuka kweli. Kutuma amri na kutimia kwa amri ni mambo mawili tofauti.

Mlangoni mwa kabati pia kuna swichi ya kuchagua: kituo kiamriwe kutoka mbali, au kiamriwe na aliyepo hapo tu. Fundi anayeingiza mikono kwenye mtambo huigeuza kwanza kabla ya kufungua chochote. Hakuna programu inayopaswa kuwa na uwezo wa kuipita.

Watu huuliza RTU inatofautianaje na PLC, kompyuta ndogo za kuendesha mitambo ya viwandani. Kwa kifupi, PLC ilizaliwa kwa ajili ya kasi, ikiwa karibu na mashine na mafundi. RTU ilizaliwa kwa ajili ya umbali: umeme kidogo, kumbukumbu ya matukio mtandao unapokatika, na joto kali au baridi, nyingi zikihimili kuanzia nyuzi 40 chini ya sifuri hadi nyuzi 70. Siku hizi mpaka huo umefifia, na kifaa kimoja huweza kufanya kazi zote mbili.

Mkono unaofika mbali unaweza pia kuazimwa na adui. Tarehe 23 Desemba 2015 wadukuzi waliingia kwenye mifumo ya kampuni tatu za kusambaza umeme nchini Ukraine na kufungua swichi za vituo kwa mbali, wateja wapatao 225,000 wakabaki gizani. Kisha waliharibu programu za ndani za vifaa vya mawasiliano vilivyokuwa vituoni, ili waendeshaji wasiweze kurudisha umeme kwa amri. Mafundi walipanda magari na kwenda kuziunganisha swichi kwa mikono, na umeme ulirudi baada ya saa chache kwa sababu mikono hiyo bado ilikuwepo na ilijua kazi. Mwaka 2023, huko Aliquippa katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kifaa cha kudhibiti shinikizo la maji kilidukuliwa. Vifaa vya aina hiyo vilikuwa vikitoka kiwandani na nenosiri 1111, na wadukuzi walikuwa wakivisaka vile vilivyo wazi kwenye intaneti. Kifaa cha namna hii hakipaswi kabisa kuonekana kwenye intaneti ya wazi.

Kabla ya kukubali RTU mpya, mfanyie fundi wako jambo moja: mtume kituoni akiwa na simu, na mwingine akae mbele ya skrini. Achomoe waya wa kihisi. Akate umeme wa kituo. Afungue antena. Kila mara, aliye kwenye skrini aseme anaona nini, na baada ya sekunde ngapi. Ikiwa waya wa tangi umechomolewa na skrini bado inaonyesha mita 3.2 kwa rangi ileile ya kawaida, kazi irudi kwa aliyeifunga, na kituo kiwekewe mlinzi hadi itakaporekebishwa.