Mcheri wa maua na kisu cha majira ya baridi

Nikiletewa picha ya mcheri wa maua unaokauka tawi moja baada ya jingine, huuliza kwanza: uliupogolea lini? Mara nyingi jibu ni majira ya baridi, majani yalipokwisha kupukutika, kama wafanyavyo wenye mitufaa. Inaniuma, maana mti wenyewe ulikuwa na afya.

Mcheri ni ndugu wa mpichi na mplamu, na ukoo huu kidonda chake hakifungi upesi wakati wa baridi. Wakati huohuo vijimbegu vya kuvu aitwaye Chondrostereum purpureum hupeperuka hewani, hasa kukiwa na unyevunyevu, vikaingia pale ulipokata. Baadaye majani hung'aa kama yamepakwa fedha. Likate tawi hilo utazame ndani: utaona doa la kahawia katikati ya mti.

Kwa hiyo ngoja maua yaishe, majira ya joto yakolee, uchague siku kavu. Toa yaliyokufa na yanayosuguana, basi. Kata nje kidogo ya ule uvimbe ulio kwenye shina la tawi, usiache kisiki, wala usipake rangi. Mti utajifunga wenyewe. Kila tawi zima unalolikata huondoka na maua ya mwaka ujao, kwa sababu vitumba vyake huanza kutungwa kiangazi hichohicho.

Ukipogolea mara kwa mara ili mti usizibe dirisha, basi ulichagua aina isiyofaa. 'Kanzan' ukiwa mchanga husimamisha matawi juu kama chombo cha maua, ukadhani ni mwembamba. Ukikua huyatandaza, na upana wake waweza kukaribia mita 10. Penye nafasi finyu mimi hupanda 'Amanogawa', unaokwenda juu wima.

Kuhusu udongo: usituamishe maji. Chimba shimo, lijaze maji. Kama kesho yake bado yamo, panda juu ya tuta. Micheri mingi ya maua ni ya kubebeshwa, yaani imeungwa juu ya shina la mti mwingine wenye mizizi, kwa hiyo kile kifundo cha maungio kikae juu ya ardhi. Chipukizi likitokea chini ya kifundo ni la mti huo wa chini, na lina nguvu kuliko ulichonunua. Fukua kidogo mpaka linapoanzia, ulinyofoe kwa mkono lingali laini.