Merz ni mwanasheria, si mwanabenki

Wengi humwita Friedrich Merz, Kansela wa Ujerumani tangu 2025, "mwanabenki wa BlackRock", kampuni kubwa ya Kimarekani inayowekeza fedha za wateja. Si kweli. Alisomea sheria, akaanza kazi kama hakimu mjini Saarbrücken, akawa mwanasheria wa chama cha viwanda vya kemikali, kisha akaingia siasa. Hata kabla hajaliacha Bunge mwaka 2009 alikuwa wakili katika kampuni ya Mayer Brown.

Kwenye tawi la BlackRock la Ujerumani aliongoza bodi ya usimamizi, 2016 hadi 2020. Sheria za huko hutenganisha bodi hiyo na menejimenti: wajumbe wake huwakagua na kuwahoji wakurugenzi, hawachagui hisa za kununua. Ukaribu wake na matajiri? Hiyo ni hoja nyingine, tena ya haki kabisa.